Kuzama Majini, Ugonjwa Usiofika Zahanati: Usalama wa Jamii za Kandokando ya Ziwa Victoria

Zahanati iliyojengwa karibu na mwalo huyafahamu maradhi ya ziwa kwa majina na kwa nyuso. Malaria huja na homa, kichocho huja na maumivu ya tumbo na kinyesi chenye damu, kuhara huja na mtoto aliyelegea mgongoni mwa mama yake. Kila ugonjwa una mstari wake katika rejesta na dawa yake kabatini. Liko hata hivyo janga moja la ziwani ambalo mhudumu wa zahanati hiyo aweza kufanya kazi mwaka mzima bila kulitibu hata mara moja, ingawa majirani zake wanakufa nalo. Janga hilo ni kuzama majini. Aliyezama akafa hapelekwi zahanati. Hupelekwa nyumbani kwao, au moja kwa moja makaburini, au mwili wake hauonekani kabisa. Aliyezama akaokolewa naye hufunikwa blanketi, hupewa chai ya moto, na mambo huishia hapo. Kwa hiyo ugonjwa huu hauna foleni, hauna kadi, na mara nyingi hauna hesabu.

Kuuita ugonjwa si kutia chumvi. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Amsterdam, Uholanzi, walikubaliana kuwa kuzama ni mchakato wa kupata tatizo la upumuaji kutokana na mwili kuzamishwa au kutumbukia katika kiowevu, na kwamba matokeo yake ni matatu: kifo, kuishi na madhara, au kuishi bila madhara. Tafsiri hiyo ndiyo inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Umuhimu wake kwa mhudumu wa afya ni kwamba mtu hahitaji kufa ndipo ahesabiwe kuwa amezama. Kijana aliyetolewa majini akikohoa povu na kupumua kwa haraka ni mgonjwa wa kuzama, sawasawa na mwenye homa ambaye ni mgonjwa wa malaria kabla hajapoteza fahamu.

Hesabu isiyotimia

Kwa makadirio ya WHO, watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama duniani mwaka 2021, na zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Idadi hiyo ni kubwa, lakini kwa mtu wa ziwani ina kasoro moja ambayo haisemwi vya kutosha. Katika uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, yaani ICD-10, kuzama kwa bahati mbaya huandikwa kwa alama W65 hadi W74. Mtoto aliyeteleza kisimani yumo humo. Mvuvi ambaye mtumbwi wake umepinduka hayumo. Yeye huandikwa V90, katika kundi la ajali za usafiri wa majini. Aliyesombwa na mafuriko naye huandikwa kwingine. Hesabu za kuzama zinazotangazwa mara kwa mara huwaacha nje watu wa makundi hayo mawili. Hivyo katika ziwa ambalo wanaume wengi hufa wakiwa kazini juu ya vyombo, takwimu rasmi ya kuzama yaweza kuwa ndogo hata pale kila aliyehusika amefanya kazi yake kwa uaminifu.

Misiba mikubwa huhesabiwa. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walipotea na taifa zima la Tanzania likaomboleza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kisiwani Ukerewe, kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walikuwa 228, na walionusurika 41. Ilikuwa siku ya mnada, na umbali uliobaki hadi nchi kavu ulikuwa wa makumi tu ya mita. Misiba ya namna hiyo huacha minara ya kumbukumbu na tume za uchunguzi. Mtumbwi wenye watu watatu ukipotea usiku hauachi kitu isipokuwa wajane, na mwalo unaofuata haupati hata habari.

Usiku wa giza

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, likigawanywa na Tanzania, Uganda na Kenya. Maji ya namna hiyo hujitengenezea hali ya hewa yake yenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, na mawingu hujikusanya juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na uvuguvugu wake, na upepo kutoka pande zote za ziwa huvuma kuelekea katikati. Pepo hizo zikikutana, hewa yenye unyevu hupanda juu, na matokeo yake ni ngurumo, radi na dhoruba kati ya usiku wa manane na alfajiri.

Sasa mtu na aangalie ratiba ya mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, iwe karabai au taa ya sola, na taa haivuti dagaa vizuri mwezi unapong'aa. Kwa hiyo wavuvi hungojea siku za giza, hutoka jioni, hukaa majini usiku kucha, na kurejea asubuhi. Saa zenye dagaa wengi ndizo saa zenye dhoruba nyingi. Hapa hakuna uzembe wa mtu. Kazi na hatari vimepangwa katika saa moja. Anayemwambia mvuvi asiingie ziwani usiku anamwambia asile.

Kinachowezekana ni kumpa habari kabla hajatoka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na wenzao wa Kenya na Uganda hutoa utabiri kwa ajili ya ziwa, na kati ya mwaka 2017 na 2020 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisimamia mradi wa kuuboresha utabiri huo kwa ajili ya wavuvi. Utabiri haufai kitu ukibaki ofisini. Hufaa pale kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, kinapousoma kwa sauti mwaloni saa 10 jioni, au kupandisha bendera nyekundu ambayo hata asiyejua kusoma huielewa. Zahanati nyingi za mialoni zina simu na zina mtu anayejua kusoma taarifa. Haigharimu chochote kuipeleka taarifa hiyo mita 200 hadi ufukweni.

Yanayotokea mwilini

Mtu anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Hili huwashangaza wengi, kwa sababu filamu zimewazoesha kuona mikono ikipungwa na kusikia ukelele wa kuomba msaada. Anayezama anapigania pumzi, na asiye na pumzi hana sauti. Mikono yake huyakandamiza maji pande zote mbili kama mtu anayejaribu kupanda ngazi isiyokuwapo, kichwa huinamia nyuma, mdomo huzama na kuibuka. Hali hiyo hudumu chini ya dakika moja, na kwa mtoto mdogo huwa fupi zaidi. Mama aweza kuwa anafua hatua kumi kutoka hapo na asisikie neno.

Anapozama, kwanza hujizuia kuvuta pumzi. Akishindwa, maji huingia kooni, naye hukohoa au koo hujifunga kwa mshtuko. Oksijeni hupungua mwilini, fahamu hupotea, koo hulegea, na maji huingia mapafuni. Maji hayo si lazima yawe mengi. Hata kiasi kidogo huosha utando laini unaozuia vifuko vya hewa visinywee, na vifuko vikinywea damu hupita mapafuni bila kuchukua oksijeni. Moyo husimama mwishoni, si mwanzoni. Katika jambo hili kuzama hutofautiana na shambulio la moyo la mtu mzima: moyo wa aliyezama umesimama kwa kukosa oksijeni, na damu iliyobaki mwilini haina tena oksijeni ya kuzungushwa. Huduma yote ya kwanza hutokana na ukweli huo mmoja.

Muda ndio unaoamua. Aliyekaa chini ya maji kwa muda usiotimia dakika 5 ana hatari ya takriban 10 kwa 100 ya kufa au kubaki na dhara kubwa la ubongo. Kati ya dakika 5 na 10 hatari hiyo hupita nusu. Baada ya dakika 25 karibu hakuna anayepona. Ziko habari za watoto wa nchi za baridi waliofufuliwa baada ya muda mrefu kwa sababu maji ya barafu yaliupoza ubongo upesi. Maji ya Ziwa Victoria ni ya uvuguvugu, na hayatoi kinga hiyo. Gari la wagonjwa, hata lingekuwa na dereva mwepesi kuliko wote, haliwezi kufika kisiwani ndani ya dakika 5. Anayeweza kufika ni yule aliyesimama ufukweni tayari.

Mwaloni: kuokoa na kufufua

Jambo la kwanza ni kutoongeza mtu wa pili. Si jambo geni kwa mwokoaji kufa pamoja na aliyekwenda kumwokoa, kwa kuwa anayezama humkumbatia yeyote anayemfikia na kumkandamiza chini ili yeye apate pumzi. Kwa hiyo mwokoaji aanze na kumnyooshea mti, kasia au kamba akiwa amelala au amepiga magoti mahali imara. Isipofika, amrushie kitu kinachoelea. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri kifuniko laweza kumshikilia mtu mzima kichwa kikiwa juu ya maji, na hakuna mwalo usiokuwa na madumu. Dumu lililofungiwa kamba ya mita 15 na kutundikwa kwenye nguzo, likaachwa hapo bila kuchotewa maji wala kuazimwa, ni kifaa cha uokoaji kamili. Sehemu ngumu ni hiyo ya kutoazimwa. Kuogelea kumfuata ni njia ya mwisho, kwa aliyefunzwa tu, naye aende na kitu kinachoelea mkononi.

Aliyetolewa majini alazwe chali mahali pagumu. Aitwe, aguswe mabega, kisha ichunguzwe kwa sekunde zisizozidi 10 kama anapumua sawasawa. Mikoromo ya hapa na pale si kupumua. Ni moyo uliokaribia kusimama au uliokwisha kusimama. Asipopumua, afunguliwe njia ya hewa kwa kuinamisha kichwa nyuma na kuinua kidevu, pua ibanwe, na apuliziwe pumzi mdomoni hadi kifua kionekane kikiinuka. Mwongozo wa Ulaya unataka pumzi 5 za mwanzo, ule wa Marekani pumzi 2. Wahudumu wasipoteze muda kubishana juu ya hesabu hiyo, maana miongozo yote miwili inakubaliana kuwa aliyezama huanziwa kwa pumzi. Baada ya hapo kifua kikandamizwe mara 30, katikati, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6, na kwa mtoto theluthi moja ya unene wa kifua. Kisha pumzi 2, kisha 30 tena, bila kuacha, mpaka apumue, au msaada ufike, au nguvu za waokoaji ziishe. Kwa mtoto mchanga mdomo wa mwokoaji ufunike mdomo na pua kwa pamoja, na pumzi ziwe ndogo.

Watu wengi wamefundishwa kukandamiza kifua peke yake, bila kupuliza, kama inavyoelekezwa kwa mtu aliyeanguka ghafla barabarani. Kwa aliyezama njia hiyo haitoshi, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa: damu inayozungushwa haina kitu.

Povu jeupe au la waridi huweza kutoka mdomoni kwa wingi. Lisifutwe kila linapotoka. Mwokoaji aendelee kupuliza. Mgonjwa akitapika, na wengi hutapika, ageuzwe upande, kinywa kisafishwe, kisha kazi iendelee.

Hapa yapasa kusema wazi juu ya desturi inayoonekana katika mialo mingi. Aliyetolewa majini huinuliwa miguu juu kichwa chini, au hulazwa kifudifudi juu ya pipa na kuviringishwa, au hukandamizwa tumbo ili "atapike maji". Wanaofanya hivyo wana nia njema na mara nyingi wana machozi. Lakini maji yanayotoka ni ya tumboni, si ya mapafuni. Yakipanda kooni huingia katika njia ya hewa pamoja na chakula, na dakika zilizotumika kumviringisha ni zile zile ambazo ubongo ulikuwa ukingojea pumzi. Mhudumu akitaka desturi hiyo iachwe, kuikejeli hakutamsaidia. Awaite wazee wa mwalo na manahodha, awaonyeshe kwa mwanasesere au hata kwa gunia lililojazwa mchanga, na awaachie wao wafundishe vijana wao. Mafunzo hayo hayahitaji jengo. Alasiri moja hutosha kuanza, na marudio kila baada ya miezi michache huyafanya yasisahaulike.

Aliyeanza kupumua alazwe ubavu, avuliwe nguo zenye maji, afunikwe, na asiachwe peke yake. Kisha apelekwe kituoni, hata akisema amepona. Msaada wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini Tanzania huitwa kwa namba 114.

Anapofika kituoni

Kwa mganga wa zahanati kazi kubwa ni oksijeni na macho yaliyo wazi. Hesabu ya pumzi kwa dakika, kiwango cha oksijeni kwa kipimo cha kidoleni, sauti za mapafu na hali ya fahamu viandikwe anapofika na virudiwe kila saa. Asiyepumua vya kutosha apewe hewa kwa ambu yenye oksijeni. Dawa za kukojosha hazina nafasi hapa, kwa kuwa maji ya mapafuni hayatokani na moyo kulemewa. Wala steroidi hazijaonyesha faida. Antibayotiki za kujikinga hazihitajiki siku ya kwanza; hutolewa dalili za nimonia zikijitokeza, au maji yakiwa yamechanganyika na majitaka. Kola ya shingo ni kwa aliyepiga mbizi au kuanguka kutoka juu, si kwa kila mtu.

Mgonjwa anayekohoa tu, mwenye oksijeni ya kawaida na mapafu safi, aangaliwe kwa saa 4 hadi 8. Akibaki hivyo, aende nyumbani na maelezo ya kurudi iwapo atabanwa na pumzi, atapata homa au atachanganyikiwa. Mwenye sauti za maji mapafuni, au anayehitaji oksijeni, apewe rufaa. Uvumi uliopo kwamba mtoto aliyekuwa mzima kabisa kwa siku kadhaa huweza kuanguka na kufa kwa "maji yaliyobaki" haupaswi kuwatisha wazazi. Anayezorota huonyesha dalili katika saa za mwanzo, ndiyo maana saa hizo zisipunguzwe.

Mtoto, konokono na utando wa kijani

Kwa miaka mingi ujumbe wa afya kandokando ya ziwa umekuwa mmoja: watoto wasiingie majini, kuna kichocho. Ujumbe huo ni wa kweli. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo hukaa kwenye maji tulivu ya ufukweni, penye majani na matete. Vimelea hutoka ndani yao hasa jua likiwa kali, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Lakini ujumbe huo una upande wa pili ambao watu wa afya hawakuukusudia. Mtoto anayekatazwa maji haachi kuyaingia. Huyaingia kwa siri, na hana mtu mzima wa kumfundisha kuelea. Naye akifika miaka 15 hupewa kasia.

WHO hupendekeza watoto wa umri wa kwenda shule wafundishwe misingi ya kuogelea na usalama wa majini, na wale wadogo zaidi wawekwe mahali salama penye mwangalizi wakati wazazi wako kazini. Ushauri huo wa pili unawahusu sana akina mama wanaoanika dagaa. Kazi yao ni ya jua na ya haraka, iko karibu kabisa na maji, na mtoto wa miaka 2 hutambaa au hutembea huko na huko miongoni mwa vichanja. Ua wa miti, zamu ya bibi mmoja wa kuwaangalia watoto wote wa mwalo asubuhi ile, na malipo yake ya kisado cha dagaa kutoka kwa kila mama: mpango wa namna hiyo waweza kuanza bila mfadhili.

Na kichocho je? Mafunzo ya kuogelea yafanywe asubuhi na mapema, mahali peupe pasipo matete wala magugu, penye mawimbi, na watoto wote wanaohusika wapewe prazikwanteli kwa utaratibu wa kinga tiba, kipimo kikiwa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Tahadhari hizo hupunguza maambukizi. Haziyaondoi, na dawa haizuii mtoto kuambukizwa tena. Yapo mabishano ya haki kati ya wataalamu wa kichocho na wataalamu wa kuzama juu ya jambo hili. Ila kichocho kina dawa.

Mazingira yenyewe yameingia katika mabishano hayo. Magugu maji yaliyoenea ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hukusanywa na upepo katika ghuba, huwapa konokono makao, na hunasa mitumbwi midogo mbali na nchi kavu. Mwezi Mei 2020 kina cha ziwa kilipanda kupita rekodi ya mwaka 1964. Nyumba na vyoo vya ufukweni viliingiwa na maji, na visiki na kuta zikabaki chini ya maji mahali ambapo watu walizoea kupita kwa miguu. Mbolea na majitaka navyo hustawisha bakteria wa rangi ya kijani wanaotanda juu ya maji kama rangi iliyomwagika. Baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji. Anayechota maji huingia hadi kiunoni au kifuani kuutafuta upande usio na utando, ndoo kichwani, bila kuona anapokanyaga. Kwa hiyo bomba la maji kijijini, ambalo kila mtu hulihesabu kuwa kinga ya kipindupindu, ni kinga ya kuzama vilevile.

Wagonjwa, pombe na jaketi

Mtu mwenye kifafa ana hatari ya kufa majini mara nyingi zaidi ya mtu mwingine. Hili lisemwe kliniki, kwa upole na bila kuficha, kila anapokuja kuchukua dawa: asiogelee wala kuoga ziwani peke yake, asichote maji peke yake, na asipande mtumbwi siku ambayo ameruka dozi. Mvuvi mwenye kifafa huificha hali yake kwa kuogopa kukosa kazi. Mhudumu akimsaidia kupata dawa bila kukatika, na kumwomba nahodha ampe kazi ya ufukweni kwa muda, atakuwa amefanya tiba kubwa kuliko kumkataza.

Pombe hupunguza joto la mwili, huondoa woga na huvuruga mizani ya mwili; mtumbwi hauvumilii lolote kati ya hayo.

Jaketi okozi ndilo jambo ambalo kila mtu analijua na wachache wanalifanya. Wavuvi wana sababu zao: bei, joto, uzito wakati wa kuvuta nyavu, wizi, na hofu ya kuonekana mwoga mbele ya wenzake. Katika vyombo vingi jaketi hubaki limekunjwa chini ya ubao kwa ajili ya mkaguzi. Jaketi lililokunjwa haliwezi kuvaliwa katika maji yenye mawimbi. Anayedhani ataliwahi mtumbwi ukipinduka na alijaribu mchana mmoja penye kina cha kifua. Jaribio hilo hilo lifanywe na kila anayenunua jaketi, kwa sababu yako yaliyojazwa sponji hafifu inayofyonza maji. Lifungwe mikanda yote, mtu ajilaze, na uso ukae juu bila kujitahidi. Mwenye mtumbwi anayewanunulia vibarua wake majaketi na kukataa kusukuma chombo majini kabla hawajayavaa humwondolea kila mmoja wao aibu ya kuwa wa kwanza.

Nahodha na ahesabu watu wake kwa majina anapotoka, na majina hayo yabaki kwenye daftari la BMU pamoja na saa ya kutarajiwa kurudi. Chombo kisiporejea, daftari hilo huwaambia watafutaji waanzie wapi na wanamtafuta nani. Na mhudumu wa zahanati alipitie kila mwisho wa mwezi. Aliyekufa au kuokolewa aandikwe: umri, jinsia, saa, alikuwa akifanya nini, alikuwa juu ya chombo gani, alivaa jaketi au la, alipuliziwa pumzi au la. Karatasi hiyo haimo katika rejesta za kawaida, lakini mganga mkuu wa wilaya hawezi kuomba bajeti kwa ajili ya vifo ambavyo hakuna aliyemwandikia.

Siku ya Kuzuia Kuzama Majini Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2021, huadhimishwa kila tarehe 25 Julai. Mwalo unaotaka kuanza na jambo moja waweza kuichagua siku hiyo kufungia dumu la kwanza kamba na kulitundika kwenye nguzo yake.